Ruzuku ya Kikundi na Sahani ya Mtoto

Leo tunazungumza juu ya njaa, na juu ya pesa ambazo serikali hutoa kwa vikundi vya jamii ili kupambana nayo.

Labda unajiuliza pesa za vikundi zinahusiana vipi na afya. Zinahusiana sana. Mtoto asiyepata chakula cha kutosha huugua mara kwa mara, hukawia kukua, na darasani hashiki anachofundishwa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 43, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha kilicho bora. Lakini haki iliyoandikwa haijazi sufuria yenyewe. Ni lazima watu wajue mahali pa kubisha hodi.

Kwanza tulielewe neno ruzuku. Ruzuku ni pesa au vifaa ambavyo kikundi hupewa bila kutakiwa kurudisha. Mkopo hurudishwa. Mfuko wa Wanawake ulioanza 2007 na Mfuko wa Uwezo ulioanza 2013 ilianzishwa ili kukopesha vikundi. Mkopo unafaa biashara inayoingiza pesa. Ukichukua mkopo ukapikia watoto uji wa bure, utabaki na deni na hutakuwa na cha kulipia. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, ulizeni waziwazi: hii ni ruzuku au ni mkopo?

Nchi yetu imewahi kutumia ruzuku kupigana na njaa. Mwaka wa 2005 Wizara ya Kilimo ilianzisha mpango ulioitwa Njaa Marufuku Kenya, ikisaidiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Vikundi vya jamii vilivyosajiliwa vilipewa ruzuku ndogo za miradi ya kilimo na ufugaji. Upande mwingine wa mpango huo ulihusu lishe na chakula cha watoto shuleni. Wazo lake lilikuwa zuri: wanaoishi na njaa wenyewe ndio wachague mradi na kuuendesha.

Mpango huo ulikuwa wa miaka ile. Mfuko mwingine uliokuja baadaye, na ambao hutoa ruzuku na vifaa kwa vikundi, ni ule unaojulikana kama NGAAF, ulioanza 2015. Mfuko huu huratibiwa kupitia ofisi ya Mwakilishi wa Wanawake katika kila kaunti, na unalenga wanawake, vijana, watu wenye ulemavu, wazee na watoto wenye shida. Kabla ya kupanga safari, ulizeni kama maombi yamefunguliwa, na ni miradi gani inayokubaliwa kwa wakati huo.

Je, kikundi kinatakiwa kuwa na nini? Cha kwanza ni cheti. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10. Mnaandika katiba ya kikundi, mnachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kisha mnapeleka karatasi zenu kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Wakazi wa Mowlem wako katika Embakasi Magharibi, kwa hiyo anzieni huko. Chifu anaweza kuwaelekeza ofisi ilipo. Angalieni pia tarehe ambayo cheti kitaisha, ili ombi lenu lisikataliwe kwa sababu ya karatasi iliyopitwa na wakati.

Cha pili ni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Cha tatu ni vitabu: kitabu cha kumbukumbu za mikutano na kitabu cha hesabu. Tuseme mko akina mama 15, na kila mmoja anaweka shilingi 50 kwa wiki. Hizo ni shilingi 750 kwa wiki, au 3,000 kwa wiki nne. Ni pesa kidogo, lakini zikiandikwa vizuri kwa miezi kadhaa, zinamwonyesha afisa kwamba mnaweza kutunza pesa za umma.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa la leo. Pesa zinaweza kupita katika kikundi bila kumfikia mtoto. Kikundi kinapata kuku wa mayai, mayai yote yanauzwa, pesa zinagawanywa, na mtoto nyumbani anakula ugali na mchuzi mtupu kama jana. Kwa hiyo elewaneni mapema, kabla ruzuku haijaingia, mkaandike katika kumbukumbu zenu: ni mayai mangapi au mboga kiasi gani zitakwenda kwa watoto wa wanakikundi kila wiki, na ni watoto gani wa jirani wenye shida zaidi watakaopewa. Kinachobaki ndicho kiuzwe. Kama ni sukuma wiki na mchicha wa kwenye magunia, msinyweshe kwa maji ya mtaro wala ya mto uliochafuka, kwa maana mtavuna kuhara pamoja na mboga.

Jihadharini pia na madalali. Mtu akiwaambia mmpe "kitu kidogo" ili ombi lenu lisukumwe, mkataeni. Ada halali ya serikali ina risiti.

Mama, ruzuku inaweza kuchukua miezi mingi, na njaa ya mtoto haingoji. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupimwa mkono wa juu kwa utepe wenye rangi. Rangi ya kijani ni sentimita 12.5 na zaidi. Manjano, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5, inaonyesha kwamba mtoto amepungukiwa na lishe. Nyekundu, chini ya 11.5, ni hatari kubwa. Hatari nyingine ni miguu yote miwili kuvimba: ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Ukiona nyekundu au uvimbe huo, mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo, na ubebe kijitabu chake cha kliniki. Usingoje mkutano wa kikundi. Ukiona manjano, nenda pia kliniki ili aanzishiwe msaada mapema.

Kwa mtoto mchanga, maziwa ya mama pekee yanatosha hadi miezi 6. Baada ya hapo anza uji mzito na vyakula laini, uongeze maharagwe, ndengu, omena au yai kadiri unavyopata, huku ukiendelea kunyonyesha hadi miaka 2 na zaidi.

Basi wiki hii, kama mna chama tayari, fungueni kile kitabu mwone kama kinasomeka. Kama hamna, tafuteni wenzenu muanze kuhesabiana. Na yeyote mwenye mtoto mdogo aulize mhudumu wa afya wa mtaa ampimie mkono.



Maswali ya kuzungumzia katika kikundi
1. Tukipata ruzuku leo, mtoto wa nani atakula kwanza, na tumeandika wapi?
2. Ni nani kati yetu anayeweza kusoma kitabu cha hesabu kwa sauti mbele ya wote?
3. Katika ploti yetu, ni mtoto gani ambaye hajapimwa mkono?