Maelekezo Hayajafika Mpaka Yarudi: Namna ya Kuongea na Vibarua Wako



Wengi mkinipigia simu mnauliza mbegu, mbolea na viwavi. Leo naomba tuongee kuhusu kitu ambacho hakiuzwi duka la pembejeo: namna msimamizi anavyozungumza na watu wake wa kazi. Ukishakuwa na vibarua watatu, wewe tayari ni meneja, hata kama ofisi yako ni tuta la jaruba. Na nimeona hapa Bahi mpunga ukiharibika si kwa sababu ya ukame wala wadudu, bali kwa sababu ya sentensi moja iliyoeleweka vibaya.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Msimu mmoja nilikuwa namsaidia mama mmoja mjane mwenye ekari moja kwenye skimu inayotumia maji ya Mto Bubu. Alikuwa amekopa hela, akanunua mfuko mmoja wa urea, kilo 50. Mpunga ulikuwa na kama wiki tatu tangu upandikizwe, ndiyo wakati wake wa mbolea ya kukuzia. Asubuhi ile nikaitwa kikao wilayani. Nikampigia simu kijana aliyekuwa anasimamia vibarua, nikamwambia, "Fungueni maji, halafu rusheni urea." Akasema, "Sawa, bwana shamba." Nikakata simu, roho yangu imetulia.

Kichwani mwangu "fungueni maji" ilikuwa na maana ya kufungua upande wa chini, maji yapungue mpaka yabaki kina cha vidole viwili, kisha wazibe ndiyo warushe mbolea. Yeye alielewa wafungue mlango wa mfereji, maji yaingie. Wakafungua, majaruba yakajaa, wakarusha urea. Nilipofika jioni maji yalikuwa yanapita juu ya tuta kwenda kwa jirani. Baada ya siku kadhaa mpunga wa jirani ulikuwa kijani cha kupendeza, wa yule mama umebaki njano vilevile.

Mama hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kwani ulisema nini kwenye simu?" Lakini kilichoniuma zaidi ni maneno ya binti mmoja kati ya vibarua: "Mimi niliona maji yamezidi. Nikasema. Nikaambiwa bwana shamba ndiye kasema hivyo."

Yaani kulikuwa na mtu shambani anayejua kwamba kazi inaharibika, na jina langu ndilo lililomnyamazisha. Tulichangishana na yule kijana tukanunua nusu mfuko mwingine, lakini mavuno hayakuwa yale mama aliyoyatarajia, na mkopo ulikuwa palepale. Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyotoa maelekezo. Haya ndiyo niliyojifunza.

Taja kipimo, usitaje sifa

Ukimwambia kibarua "pandikiza kwa mistari, acha nafasi nzuri," kila mmoja ana nafasi nzuri yake. Chukua mfano huu. Ukipandikiza kwa sentimita 20 kwa 20, unapata mashina 25 kwenye kila mita moja ya mraba. Ukipandikiza kwa 30 kwa 30, unapata kama mashina 11 tu. Wote wamepanda kwa mistari iliyonyooka, wote wamekutii, ila mmoja amekuachia chini ya nusu ya mashina uliyotaka. Kwa hiyo usiseme "nafasi nzuri." Wape kamba yenye alama, panda mwenyewe mstari wa kwanza wakiangalia, kisha sema: "Miche miwili au mitatu kila alama."

Na maneno yenye maana mbili yaacheni kabisa. Mimi siku hizi sisemi "fungua maji." Nasema "ingiza maji" au "toa maji." Kama wapo wazee ambao Kiswahili chao si chepesi, rudia kwa Kigogo. Hujapungukiwa kitu.

Usiulize "mmeelewa?"

Swali hilo jibu lake ni moja tu: "Ndiyo." Nani atasema hajaelewa mbele ya wenzake? Na kibarua anawaza kazi ya kesho. Hataki kuonekana mzito. Badala yake sema: "Hebu niambie, mtaanzia wapi na mtafanyaje? Nataka nijue kama nimeeleza vizuri." Hapo umejitwika mzigo wewe, yeye hajisikii anapewa mtihani.

Marubani hufanya hivyo kila siku. Rubani akipewa maelekezo muhimu na mnara wa kuongozea ndege, hayarukii kwa "sawa" tu, anayarudia kwa mdomo wake ili mnara usikie alichokielewa. Kama wao wenye vyombo vya kisasa wanarudia, sisi wenye simu inayokatika katika tunashindwaje? Kwa simu ndiyo muhimu zaidi, maana huoni uso wa mtu. Ningemwomba yule kijana anirudishie, ningegundua kosa kwa nusu dakika.

Eleza sababu

Wengi tunaona kueleza sababu ni kupoteza muda: yeye afanye tu. Lakini urea inayeyuka upesi na inaondoka na maji. Mtu akishajua hilo, hata ukikosea maneno atashtuka mwenyewe: "Mbona tunaweka mbolea wakati maji yanatembea?" Maelekezo bila sababu yanampa mtu mikono ya kufanyia kazi, ila yanayafunga macho yake.

Mwache mdogo aseme "subiri"

Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili kubwa, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia uwanja wa Tenerife, visiwa vya Hispania, kukiwa na ukungu mzito. Walikufa watu 583. Kabla ya hapo, fundi wa ndege ya KLM aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye uzoefu na heshima kubwa, akajibu kwamba imetoka, akaendelea kuondoka. Swali la fundi lilikuwa sahihi.

Shambani hatuui watu 583, lakini ugonjwa ni uleule: mkubwa ana uhakika, mdogo ameona, mdogo ananyamaza. Kwa hiyo asubuhi waambie wazi: "Yeyote akiona kitu hakiendi sawa, asimamishe kazi anipigie. Hata akiwa amekosea, siku yake nalipa." Halafu siku ya kwanza mtu akikusimamisha bila sababu ya maana, mshukuru. Ukimfokea siku hiyo, hutaambiwa tena.

Malipo yazungumzwe kabla ya jembe

Ngwe ya kwako na ngwe ya jirani hazilingani. Ipime kwa hatua mbele yao, mkubaliane hela, chakula, na siku ya kulipwa. Mtu anayehisi amepunjwa hatakwambia kwamba tuta limetoboka. Ataliona, atapita.

Ukikosoa, anza na heshima

Wasimamizi wengi ni vijana kama mimi, na vibarua wengine ni sawa na wazazi wetu. Wewe ndiye unayelipa, lakini "shikamoo" inatangulia. Ukiona kosa, mvute mzee pembeni, mwonyeshe mstari wenyewe: "Baba, hapa miche imezama sana, tuinue kidogo." Ongelea miche, usiongelee akili yake.

Msimu uliofuata nilirudi kwa mama yuleyule, kijana yuleyule. Safari hii nilimpigia nikamwomba anieleze. Akasema, "Tunatoa maji, hatuingizi. Yakibaki vidole viwili tunaziba, tunarusha urea, na hatufungulii mfereji siku tatu." Nyuma yake nikasikia yule binti akidakia: "Na tuta la kule chini limetoboka, tulizibe kwanza!"

Mimi sikujua habari ya tuta hilo. Nikawaambia wazibe.

Kesho asubuhi, kabla watu wako hawajaingia jarubani, jaribu jambo moja tu: mwombe mmoja wao akueleze kazi ya leo kwa maneno yake. Sikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Msimu mwema.