Mji uliobaki makaburi: Kwa nini watu bado hurudi Dawson

KILA baada ya miaka miwili, katika siku zinazotangulia Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Septemba, ambayo Wamarekani huiadhimisha kama Siku ya Wafanyakazi, magari yamekuwa yakimiminika katika bonde la mto Vermejo, kaskazini mashariki mwa jimbo la New Mexico. Abiria huwa ni wazee, watoto wao, wajukuu na vitukuu. Hubeba chakula na picha za zamani, na wote huelekea mji mmoja: Dawson.

Ajabu ni kwamba mji huo haupo. Ulifungwa mwaka wa 1950, na karibu nyumba zake zote zikabomolewa au kusombwa. Kilichosalia ni majengo machache ndani ya ardhi ya watu binafsi, iliyozuiwa kwa lango, pamoja na makaburi yenye mamia ya misalaba ya chuma iliyopakwa rangi nyeupe.

Wahenga walinena kwamba nyumbani ni nyumbani hata kama ni pangoni. Kwa wenyeji wa Dawson, msemo huo una uzito wa aina yake, kwani riziki yao ilitoka pangoni hasa, na mamia ya baba zao walifia humo humo. Ili kuelewa ni kwa nini watu hurudi mahali pasipo na nyumba, yafaa kwanza kufahamu jinsi mji huo ulivyojengwa, ulivyoua na ulivyofutwa.

Mji mali ya kampuni

Dawson ulipata jina lake kutoka kwa mfugaji John Barkley Dawson, aliyekuwa akimiliki ardhi hiyo. Makaa ya mawe yalionekana juu juu tu ya ardhi yake. Mwaka wa 1901 aliiuza kwa wawekezaji wa reli, ambao walichimba migodi na kutandaza njia ya reli ya zaidi ya kilomita 200 hadi Tucumcari, ili makaa hayo yafikie soko. Baada ya miaka michache, mali hiyo iliangukia mikononi mwa kampuni kubwa ya madini ya shaba, Phelps Dodge.

Kampuni hiyo ilihitaji makaa ya mawe kwa ajili ya kuyeyusha shaba na kuendesha magarimoshi. Ilihitaji pia wafanyakazi katika eneo ambalo lilikuwa na watu wachache mno. Iliwapata mbali: Italia, Ugiriki, nchi za mashariki mwa Ulaya, Mexico na kwingineko. Wengi hawakujua Kiingereza. Baadhi yao walikuwa vijana waliotumaini kuchuma pesa kwa miaka michache kisha kurejea makwao.

Ili kuwavutia na kuwazuia wasihame, Phelps Dodge ilijenga mji uliotamaniwa na wachimbaji wa kwingine. Palikuwa na hospitali, shule, ukumbi wa tamthilia, kidimbwi cha kuogelea, uwanja wa gofu na duka kubwa lililouza kila kitu kuanzia unga hadi majeneza. Katika enzi zake za ufanisi, Dawson ulikuwa na wakazi wapatao 6,000.

Hata hivyo, hakuna mkazi aliyemiliki chochote kisichohamishika. Nyumba ilikuwa ya kampuni, duka la kampuni, daktari wa kampuni. Mtu aliyepoteza kazi alipoteza pia paa la kulalia. Huo ndio uliokuwa mtindo wa miji ya kampuni kote Marekani wakati huo: mwajiri alikuwa pia mwenye nyumba na mwenye duka. Dawson ulisifiwa kwa kuwa miongoni mwa ile bora zaidi, lakini ubora huo ulikuwa hisani ya mwenye mali. Haukuwa haki ya aliyeishi humo.

Vumbi lililoua

Alasiri ya Oktoba 22, 1913, mlipuko mkubwa ulitikisa Mgodi Nambari 2 katika bonde la Stag. Asubuhi hiyo wanaume zaidi ya 280 walikuwa wameingia kazini. Walionusurika walikuwa 23 pekee. Waokoaji wawili nao walikufa wakiwatafuta wenzao, hivyo idadi ya waliofariki ikafika 263. Katika historia ya Marekani, ni mkasa mmoja tu wa mgodi wa makaa ya mawe ulioua watu wengi zaidi, nao ni ule wa Monongah, West Virginia, mwaka wa 1907, ambapo watu 362 waliangamia.

Lililowashangaza wengi ni kwamba siku mbili kabla ya mlipuko, mkaguzi wa migodi alikuwa ameutembelea mgodi huo na kuutaja kuwa hauna dalili za gesi na uko katika hali nzuri. Je, iliwezekanaje basi?

Jibu limo katika vumbi. Makaa ya mawe yanapochongwa na kubebwa, hutoa unga mwembamba unaotanda sakafuni, kwenye kuta na juu ya mbao zinazoshikilia dari. Bonge la makaa huwaka polepole, kwa sababu hewa huligusa upande wa nje tu. Unga ulioenea hewani ni tofauti: kila chembe imezungukwa na hewa, na zote zinaweza kushika moto kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu hata vumbi la unga wa mahindi ndani ya kinu kilichofungwa laweza kulipuka likipata cheche.

Huko Dawson, cheche ilitokana na baruti. Uchunguzi ulionyesha kwamba baruti iliyozidi kipimo ililipuliwa wakati wafanyakazi wangali ndani, jambo ambalo sheria ililikataza. Mlipuko wa kwanza ulilitimua vumbi lililotulia, moto ukalishika, nao ukatimua vumbi jingine mbele yake. Kwa namna hiyo moto ulijilisha wenyewe kutoka handaki moja hadi jingine.

Wengi ambao moto haukuwafikia waliuawa na hewa iliyobaki nyuma yake. Vumbi la makaa likiungua bila oksijeni ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ni gesi hiyo hiyo inayoua watu wanaolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha.

Miongoni mwa waliokufa, Waitaliano walikuwa karibu 150 na Wagiriki zaidi ya 30. Makaburi ya mji yalilazimika kupanuliwa. Kampuni iliweka misalaba ya chuma inayofanana, mmoja kwa kila marehemu, na wageni wanaofika leo hushangazwa na safu za misalaba hiyo zilizobeba tarehe moja.

Historia ilijirudia muongo mmoja baadaye. Mnamo Februari 8, 1923, behewa za makaa ndani ya Mgodi Nambari 1 ziliacha reli, zikagonga mbao na nyaya za umeme, na cheche zikawasha vumbi. Wachimbaji wapatao 120 waliangamia. Kati yao walikuwemo vijana ambao baba zao walikuwa wamekufa mwaka wa 1913. Zaidi ya watu 380 waliuawa katika matukio hayo mawili pekee.

Dawa ya vumbi haikuwa siri. Katika miaka hiyo, wataalamu walikuwa wakihimiza kunyunyizia maji mgodini na kumwaga unga wa mawe ya chokaa juu ya vumbi la makaa. Unga huo hauwaki, na ukichanganyika na vumbi hunyonya joto na kuukatiza moto kabla haujaenea. Ilichukua miongo mingi kabla njia hiyo kuwa ya lazima katika migodi yote ya Marekani.

Kifo cha mji

Licha ya maafa hayo, hayakuwa ndiyo yaliyoufunga mji. Dawson uliendelea kwa miaka 27 zaidi. Ulizaa pia watu waliovuma, akiwemo Dolores Huerta, aliyezaliwa huko Aprili 10, 1930, binti ya mchimbaji. Mwanaharakati huyo alishirikiana na Cesar Chavez kuanzisha chama cha kutetea wafanyakazi wa mashambani mwaka wa 1962, na mwaka wa 2012 alitunukiwa Nishani ya Uhuru na Rais Barack Obama.

Kilichoumaliza mji ni soko. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, magarimoshi ya Marekani yalihamia kwenye dizeli, na viwanda na nyumba zikaelekea kwenye mafuta na gesi. Mnunuzi mkuu alipoondoka, mgodi haukuwa na maana tena kwa mwenyewe. Mapema mwaka wa 1950 wakazi walijulishwa kwamba mji ungefungwa, na kufikia mwisho wa Aprili kazi ilikuwa imekoma.

Hapo ndipo maana ya kuishi katika mji wa kampuni ilipodhihirika. Mji wa kawaida ukipoteza ajira hudidimia taratibu. Wazee hubaki, vijana huhama, nyumba huuzwa kwa bei ya chini. Huko Dawson hakuna aliyekuwa na nyumba ya kubaki nayo wala ya kuuza. Mitambo ilihamishwa, majengo yakauzwa yabomolewe, na familia zikatawanyika hadi Raton, Albuquerque, California na kwingineko.

Wanaorudi na wanachotafuta

Mkutano unaofanyika kila baada ya miaka miwili ulizaliwa kutokana na mtawanyiko huo. Kwa kizazi cha kwanza, ulikuwa mkutano wa majirani waliosoma shule moja na kucheza timu moja. Wengi wao waliukumbuka mji kwa mapenzi: muziki, michezo, watoto wa Kiitaliano, Kimexico na Kigiriki wakikulia katika mtaa mmoja.

Kumbukumbu hiyo si ya uongo. Hata hivyo, ni kumbukumbu ya waliokuwa watoto katika miaka ya 1930 na 1940. Waliokufa mwaka wa 1913 hawakuacha simulizi, na wengi hawakuacha hata uzao nchini humo. Jamaa zao walikuwa vijijini Italia na kisiwani Krete, na baadhi ya misalaba haina jina. Kwa hiyo uzao unaokutana Dawson ni, kwa sehemu kubwa, uzao wa walionusurika. Wana kazi maradufu: kuwakumbuka wao, na kuwakumbuka wafu wa watu wengine.

Kazi hiyo haina ulinzi imara. Mwaka wa 1992, makaburi ya Dawson yaliingizwa katika Orodha ya Kitaifa ya Maeneo ya Kihistoria, hatua adimu kwa makaburi. Orodha hiyo huleta heshima na kuvuta macho ya umma, lakini peke yake haimlazimishi mtu yeyote kupaka misalaba rangi wala kung'oa magugu. Nao uwanja wa mji wenyewe hufikiwa kwa ruhusa ya mwenye ardhi. Mwenye kuzaliwa Dawson huingia alikozaliwa kama mgeni.

Mvutano kati ya kumbukumbu tamu na chungu si wa Dawson pekee. Kisiwa cha Hashima, karibu na Nagasaki nchini Japan, kilikuwa na watu 5,259 mwaka wa 1959 katika eneo la takriban hekta sita, wote wakitegemea mgodi wa makaa chini ya bahari. Kilihamwa mwaka wa 1974 kwa sababu ile ile ya mafuta kuchukua nafasi ya makaa. Mwaka wa 2009 kilifunguliwa kwa watalii, na mwaka wa 2015 kikawa sehemu ya turathi za dunia zinazotambuliwa na Unesco.

Waliowahi kuishi Hashima walieleza maisha ya ujirani mwema. Korea Kusini nayo ikauliza kuhusu Wakorea waliopelekwa huko kufanya kazi kwa lazima wakati wa vita. Japan ilikiri mwaka wa 2015 kwamba wengi waliletwa bila hiari yao, lakini mwaka wa 2021 kamati ya turathi ya Unesco ilisikitika kwamba historia hiyo bado haikuwa imeelezwa ipasavyo. Pande zote mbili zilizungumzia kisiwa kimoja. Tofauti ilikuwa ni nani aliyepewa nafasi ya kukisimulia.

Dawson una bahati ya kuwa na jambo ambalo Hashima ilikosa. Wafu wake wako pale pale, wamepangwa kwa safu na kutiwa tarehe, hivyo ni vigumu kwa yeyote kusimulia habari za ukumbi wa tamthilia na kidimbwi cha kuogelea bila kupita mbele yao kwanza.

Tatizo sasa ni muda. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi mji ulipofungwa tayari amevuka miaka 80. Wanaokuja baadaye hawatakuwa na kumbukumbu ya nyumba wala shule ya Dawson. Watakuwa na majina tu waliyosikia kwa babu zao. Iwapo watakubali kuyabeba pamoja na majina ya wale wasio na jamaa, makaburi hayo yatabaki kuwa mji. Wakiyaacha, yatakuwa chuma kinacholiwa na kutu kando ya mto.