Treni ya makorongo Mexico: Fedha zipo kwa mgeni anayelala

Na Mwandishi Wetu

MTALII anayepita Divisadero kwa treni ana robo saa, pengine dakika 20, za kutazama korongo, kununua kikapu na kula mkate mnene wa mahindi uliojazwa nyama kabla honi haijalia. Mtalii aliyekuja mahsusi kwa ajili ya picha hulala hapo usiku mmoja au miwili, kwa sababu mwanga anaoutafuta haufuati ratiba ya treni. Kwa mwenye hoteli, mama lishe na mwenye gari la kukodi hao ni wateja wawili tofauti kabisa, hata kama walikata tiketi kwenye dirisha moja.

Tofauti hiyo ndiyo ya kuangaliwa na kila anayefuatilia soko la safari za picha katika makorongo ya Barrancas del Cobre, kaskazini magharibi mwa Mexico. Nchi hiyo ilipokea watalii wa kigeni wapatao milioni 45 mwaka 2024. Wengi huelekea ufukweni, Cancún na kwingineko, na milima ya jimbo la Chihuahua hupata sehemu ndogo tu ya msafara huo. Soko la namna hiyo haliwezi kutegemea wingi wa vichwa. Linategemea kila kichwa kinaacha kiasi gani.

Reli yenyewe inaitwa Chihuahua al Pacífico, na watu wa huko huiita El Chepe kwa mkato. Inatoka mji wa Chihuahua hadi Los Mochis, karibu na pwani ya Pasifiki, umbali wa kilometa zipatazo 650. Kwa msomaji wa hapa, ni kama kupanda TAZARA kutoka Dar es Salaam na kushuka kwenye maeneo ya Makambako. Njiani kuna madaraja 37 na mahandaki 86. Treni huanza karibu na usawa wa bahari, kwenye joto na mashamba ya umwagiliaji, na kupanda hadi mita zipatazo 2,400, kwenye misonobari na theluji ya Desemba.

Hakuna aliyeijenga kwa ajili ya mandhari. Mmarekani Albert Kimsey Owen aliiona ghuba ya Topolobampo miaka ya 1870 akapiga hesabu ya mfanyabiashara: bandari hiyo ingefupisha njia ya shehena kutoka katikati ya Marekani hadi Pasifiki. Mpango wake ulikwama. Mwaka 1900 Arthur Stilwell, mtu wa reli wa Kansas City, aliuchukua kwa kampuni mpya, na kampuni hiyo nayo ikafilisika mwaka 1912. Kipande cha milimani, ambacho ndicho kigumu na ndicho kinachopigwa picha leo, kilibaki bila reli kwa miongo mingi hadi serikali ya Mexico ilipokimaliza. Rais Adolfo López Mateos aliifungua njia nzima Novemba 1961.

Shehena bado inapita, lakini ndoto ya Owen ya kuigeuza Topolobampo kuwa lango la bara zima haikutimia. Kilichoipa reli hii jina duniani ni kile ambacho wahandisi walikihesabu kuwa gharama, yaani makorongo.

Ubinafsishaji uliacha treni moja

Mexico ilibadili katiba yake mwaka 1995 ili kuruhusu sekta binafsi kuendesha reli. Mistari ikagawanywa kwa wenye mitaji, na matokeo yake kwa abiria yalikuwa mabaya: treni za abiria za masafa marefu zilifutwa moja baada ya nyingine, maana aliyechukua reli alitaka makontena na nafaka. El Chepe, iliyokwenda kwa kampuni ya Ferromex mwaka 1998, ilikuwa miongoni mwa chache zilizonusurika. Sababu ni mbili. Vijiji vya bondeni havikuwa na barabara ya kutegemewa, na watalii walikuwa tayari kulipa.

Sababu hizo mbili leo zinaonekana wazi kwenye mabehewa. Ipo Chepe Regional, treni ya kawaida inayosimama vituo vingi, ambayo wenyeji huipanda na mizigo yao. Tangu 2018 ipo pia Chepe Express, ya kitalii, inayokwenda kati ya Los Mochis na Creel, yenye behewa la mgahawa na behewa la terasi lenye madirisha yanayofunguka. Reli ni ile ile na korongo ni lile lile, ila bei ziko mbali. Mwenye kujua biashara ya mabasi yetu ya mikoani hatashangaa.

Kwa mpiga picha, hata hivyo, dirisha linalofunguka lina thamani kuliko kiti cha ngozi. Kioo hurudisha sura ya behewa ndani ya picha, na taa za ndani huonekana kama vimondo juu ya mlima. Wazoefu huvaa nguo nyeusi, huibana lenzi karibu na kioo bila kukigusa, maana mtikisiko wa behewa hupita hadi kwenye kamera, na huweka kasi ya kufunga lenzi kuwa sehemu moja ya elfu ya sekunde au zaidi. Afadhali ya yote ni hewa wazi. Wakala anayeuza safari ya picha na kuwaweka wateja wake kwenye behewa lililofungwa kila upande amewauzia kitu kingine.

Upande wa kuanzia nao una maana. Mawakala wengi huwashauri wapiga picha waanzie pwani, Los Mochis au mji mkongwe wa El Fuerte, asubuhi. Hapo treni huvuka mito ya El Fuerte na Chínipas mapema, daraja la Chínipas likiwa na kimo cha mita zipatazo 100, kisha hufika Témoris mchana kungali na mwanga. Témoris ndipo reli inapojikunja ukutani mwa bonde na kuingia kwenye handaki linalopinda nusu duara. Abiria hutoka akiwa anaelekea alikotoka, na akitazama chini huiona njia aliyopita dakika chache nyuma. Anayeanzia Chihuahua hupata sehemu hiyo jioni. Treni ikichelewa kidogo, analipia giza.

Baada ya Témoris ni Bahuichivo, kisha Divisadero, ambapo makorongo matatu, Cobre, Urique na Tararecua, yanakutana chini ya miguu ya mtazamaji. Lile la Urique lina kina cha mita 1,879. Vipeperushi vya utalii havichoki kusema kwamba makorongo haya kwa jumla ni makubwa kuliko Grand Canyon ya Marekani. Ni kweli, ila mnunuzi aambiwe na upande wa pili. Grand Canyon ni mwamba mtupu wa rangi kali, unaopigika hata na asiyejua kamera. Haya ya Mexico yamevaa misitu, na jua la mchana huyageuza kuwa kijani kilichofifia na ukungu wa buluu. Uzuri wake hujitokeza saa ya kwanza baada ya macheo na saa ya mwisho kabla ya machweo, wakati vivuli vinapochonga kuta moja baada ya nyingine. Saa hizo treni haipo kituoni. Hapo ndipo chumba cha hoteli cha ukingoni kinapopata bei yake.

Hesabu ya kundi

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao si bei ya kampuni yoyote. Wakala anauza safari ya siku nane kwa watu 10, kila mmoja dola 3,000. Anakusanya dola 30,000. Anaongeza mpiga picha kiongozi na msaidizi, kwa hiyo anahudumia watu 12. Vyumba kwa usiku saba kwa dola 120 ni dola 10,080. Chakula cha dola 30 kwa siku ni dola 2,880. Kiongozi analipwa dola 5,000. Magari na waongozaji wenyeji, dola 4,000. Tiketi za treni kwa dola 200 kila mtu ni dola 2,400. Jumla ya matumizi ni dola 24,360, na zinabaki dola 5,640 za matangazo, bima, ofisi na faida.

Msomaji ataona kwamba treni, ambayo jina lake ndilo linaloiuza safari nzima, inachukua asilimia nane tu ya mapato. Chumba cha kulala kinachukua theluthi.

Aidha, wateja wawili wakijitoa dakika za mwisho bila kulipa, mapato yanashuka hadi dola 24,000 na matumizi yanapungua hadi dola 21,800 tu, kwa sababu kiongozi na gari havipungui. Mabaki yanakuwa dola 2,200. Wakijitoa wanne, wakala anakula hasara ya dola 1,240. Ndiyo maana masharti ya amana katika biashara hii ni makali, na malalamiko ya wateja kuhusu amana ni mengi.

Jambo jingine linalombana wakala ni kwamba treni haziendi kila siku kila upande, na ratiba hubadilika kulingana na msimu. Kundi likishuka Divisadero kwa usiku mmoja, huenda likalazimika kukaa mawili, au kukodi gari hadi Creel. Kwa mtalii wa kawaida huo ni usumbufu. Kwa mpiga picha ni asubuhi ya pili ya kufanya kazi, na kwa mwenye hoteli ni usiku wa pili wa mapato. Gari hilo hilo linaweza pia kulipeleka kundi kwenye maporomoko ya Basaseachi, yenye mita 246, ambako reli haifiki.

Wenye ardhi

Makorongo haya ni makazi ya Wararámuri, wanaojulikana pia kama Watarahumara, wanaosifika duniani kwa kukimbia masafa marefu milimani na kandambili miguuni. Akina mama wao ndio wanaokaa kwenye ukingo wa Divisadero wakisuka vikapu vya majani ya msonobari, na ndio wanaoonekana katika karibu kila kipeperushi cha safari. Lakini picha hiyo inalipwa nani? Mtalii hununua kikapu kimoja, hupiga picha thelathini na kuondoka. Makundi yenye adabu huomba ruhusa kwanza na kununua kabla ya kunyanyua kamera. Wakati wa Pasaka, ngoma na miili iliyopakwa rangi huvuta wapiga picha wengi vijijini, na baadhi ya vijiji huweka masharti au kukataza kamera kabisa. Kiongozi asiyejua masharti hayo ni hasara kwa waliomlipa.

Suala la ardhi ni zito zaidi. Serikali ya jimbo iliingiza mitaji kwenye ukingo wa korongo, na mwaka 2010 magari ya kuning'inia kwenye waya yakaanza kubeba wageni juu ya bonde karibu na Divisadero. Jamii ya Huitosachi, iliyokuwa inaishi hapo hapo, ilikwenda mahakamani ikidai kwamba mradi wa utalii umepangwa bila wao kushirikishwa. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Mexico iliwapa haki na kuagiza liundwe baraza la ushauri la eneo, ambalo wenyeji wangekuwamo. Jamii ya Repechique nayo ilishitaki kuhusu uwanja wa ndege wa Creel kwa hoja hiyo hiyo. Mwekezaji anayefikiri kwamba hati ya kiwanja inamaliza kila kitu asome kesi hizo kabla ya kumwaga zege.

Halafu kuna usalama, ambao hauandikwi kwenye vipeperushi. Juni 2022 mapadri wawili Wajesuiti na mwongoza watalii mmoja waliuawa Cerocahui, kijiji kinachofikiwa kutoka kituo cha Bahuichivo. Mtuhumiwa alikuwa kiongozi wa genge la eneo hilo. Alikutwa amekufa Machi 2023. Kwa upande wa pwani, jimbo la Sinaloa, ilipo Los Mochis, limekuwa na mapigano ya magenge yaliyopamba moto tangu Septemba 2024, hasa katika mji wa Culiacán. Marekani, ambako ndiko wanakotoka wateja wengi wa kigeni, imekuwa ikiiweka Sinaloa kwenye daraja la juu kabisa la tahadhari ya safari. Treni yenyewe imeendelea kubeba watalii, lakini bima nyingi husoma tahadhari hizo neno kwa neno, na mteja anayeambiwa kuwa bima yake haifanyi kazi Los Mochis hujitoa. Tumekwisha kuona katika hesabu ya hapo juu wateja wawili wakijitoa kinatokea nini.

Baadhi ya mawakala wamejibu kwa kuanzia Chihuahua, kulala Creel na Divisadero, na kurudi njia ile ile bila kushuka hadi pwani. Wanapoteza Témoris na madaraja makubwa, lakini wanaokoa kundi. Wengine hushuka kwa treni hadi Bahuichivo tu.

Kuhusu msimu, mvua hunyesha Julai hadi Septemba na huyaacha makorongo yakiwa kijani na hewa ikiwa safi. Oktoba na Novemba ndiyo miezi inayogombewa, pamoja na juma la Pasaka, ambalo Wamexico wenyewe husafiri kwa wingi na vyumba huisha kwanza. Hoteli zenye madirisha yanayotazama korongo ni chache. Mawakala wenye uzoefu hushika vyumba hivyo kwanza, ndipo huulizia tiketi za treni.