Lupasi: kinga isiyotaka kuongezwa

Mtu akiambiwa ana tatizo la kinga ya mwili, ndugu na majirani huamua papo hapo kwamba kinga imeshuka na inapaswa kupandishwa. Unga wa mlonge unatafutwa, rozela inachemshwa, na wakala wa virutubisho analeta chupa zake za bei ya kuruka. Wengine hunong'ona kuhusu Virusi vya Ukimwi, hata pale vipimo vilipokwisha kuonyesha kuwa havipo. Kwa mgonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe, fedha hizo zinateketea bure, na tena kuna hatari: wakati familia inahangaika kuipandisha kinga, kinga hiyohiyo inaendelea kuzitafuna figo zake.

Kila siku seli nyingi za mwili hufa na mabaki yake huondolewa kimyakimya. Kwa mwenye lupasi usafi huo hulegalega. Vitu vinavyopaswa kufichika ndani ya kiini cha seli, DNA ikiwamo, hubaki wazi, na kinga huvitengenezea kingamwili kana kwamba ni virusi vilivyovamia. Kingamwili hizo hushikana na mabaki, zikasafiri kwenye damu, zikanasa katika viungo, ngozi, utando wa moyo na mapafu, na zaidi ya yote katika vichujio vya figo. Kila zinaponasa huwasha uvimbe.

Kati ya wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa. Urithi unachangia, homoni zinachangia, na mwanga wa jua huuchochea ugonjwa huu. Hauambukizi kwa njia yoyote, si kwa kulala pamoja wala kwa kula sahani moja.

Kinachonisikitisha ni safari ndefu ya kuutambua. Dalili zake zinafanana na za magonjwa tuliyoyazoea: homa inayokuja na kuondoka, uchovu, vidole vinavyokakamaa asubuhi. Basi binti hutibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena. Zikiongezeka nywele kukatika, vidonda vya mdomoni na upele wa mashavuni unaopita juu ya pua na kuzidi akikaa juani, mtu asiridhike na dozi nyingine ya taifodi. Aombe rufaa. Kipimo cha damu kiitwacho ANA husaidia, ila kisisomwe peke yake: karibu kila mwenye lupasi huwa nacho chanya, lakini hata watu wenye afya njema wanaweza kuwa nacho. Daktari huunganisha dalili, damu na mkojo ndipo akate shauri.

Na hapo kwenye mkojo ningependa tukae kidogo. Takriban nusu ya wagonjwa wa lupasi hupata madhara ya figo, na mwanzoni figo haziumi hata kidogo. Vichujio vyake huvujisha protini kama kifumbu kilichotoboka, huku mgonjwa akiendelea na kazi zake. Ishara anazoweza kuziona mwenyewe, yaani mkojo wenye povu, kope zilizovimba asubuhi, miguu inayobonyea, huja baadaye. Kijiti cha kupimia mkojo kipo hata katika zahanati nyingi na ni cha bei nafuu. Mkojo na presha vipimwe kila mahudhurio, hata mgonjwa akijisikia mzima. Mimi nakiona kijiti hicho kuwa kipimo chenye thamani kuliko vyote katika ugonjwa huu.

Matibabu yanalenga kuituliza kinga. Dawa ya msingi ni haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ile ya malaria ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza mwaka 2001, na ambayo wengi wetu tunaukumbuka muwasho wake. Hufanya kazi polepole, kwa wiki nyingi hadi miezi, kwa hiyo wengi huikatia tamaa mapema. Hupunguza milipuko ya ugonjwa na kuzilinda figo. Kwa kawaida dozi haizidi mg 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na macho hupimwa mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka 5.

Prednisoloni ni habari nyingine. Inaokoa maisha, na utamu wake uko hapo: ndani ya siku chache maumivu yanaisha. Ndiyo maana watu huinunua wenyewe duka la dawa na kuimeza miezi na miaka. Hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa, huamsha kifua kikuu kilicholala. Pia mwili huzoea kuipata na kuacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo. Anayeikatisha ghafla anaweza kuzirai na hata kufa. Hupunguzwa kidogokidogo kwa usimamizi, tukilenga mg 5 kwa siku au pungufu.

Kuzaa kunawezekana. Mimba ipangwe baada ya ugonjwa kutulia angalau miezi 6, haidroksiklorokwini iendelee, na dawa zinazodhuru mtoto zibadilishwe kabla. Mama aliyeharibikiwa na mimba mara kadhaa apimwe kingamwili zinazogandisha damu.

Kwa jua letu, nguo za mikono mirefu, kofia pana na mwavuli ni sehemu ya tiba.

Lililobaki ni homa. Anayetumia dawa za kushusha kinga akipata homa asiisubiri ipite wala asinywe tu panadoli akalala. Huenda ugonjwa umelipuka, huenda ni maambukizi, na tiba ya hali hizi mbili haifanani. Aende hospitali siku hiyohiyo, abebe dawa zake zote, na amwambie daktari anayemkuta zamu, kabla hajaandikiwa chochote, kwamba ana lupasi na anameza prednisoloni.