Programu ni ya Wote, Tovuti Iwe Yako

Apitaye barabara ya Namanga, akavuka Kitengela na kuendelea hadi mji wa Kajiado, hakosi kuona maduka ya vifaa vya ujenzi, shule za watu binafsi, zahanati na madalali wa viwanja, ambao wengi wao wangefaidika na tovuti lakini huidhania kuwa anasa ya makampuni makubwa ya Nairobi. Dhana hiyo haina msingi, kwani tangu mwanzo wa karne hii zimekuwapo programu huria za kusimamia maudhui, ambazo mtu huzichukua pasi na malipo, akazitumia, akazibadili, hata akawagawia wenzake, wala asihitaji idhini ya yeyote.

Muradi wa mfumo wa namna hii ni kutenga maandishi na umbo lake: maneno na bei hukaa katika hifadhidata, rangi na mpangilio hukaa katika kiolezo, na msomaji afunguapo ukurasa, seva huviunganisha papo hapo. Ndiyo maana katibu wa shule aweza kutangaza siku ya kufungua muhula bila ya kujua mstari hata mmoja wa msimbo, na shule ikipenda kubadili sura ya tovuti yake baadaye, tangazo lile hubaki salama.

Miongoni mwa mifumo hiyo, Drupal ya Dries Buytaert wa Ubelgiji ilitolewa mwaka 2001. WordPress ikafuata Mei 2003, pale Matt Mullenweg na Mike Little walipoiendeleza programu ya b2 iliyokuwa imeachwa. Na leo WordPress inaendesha tovuti takriban nne katika kila kumi duniani. Joomla, iliyozaliwa 2005, ilipata jina lake kutokana na neno letu jumla. Wala sisi hatukuwa wapokeaji tu, maana Ushahidi, programu huria iliyobuniwa na Wakenya katika machafuko ya mapema 2008, ilitumika hata Haiti baada ya tetemeko la 2010.

Lakini uhuru wa programu haumpi mtu milki ya tovuti, na hapa ndipo wengi hudhulumika. Aghalabu fundi wa tovuti huliandikisha jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, kwa jina lake mwenyewe, akafungua akaunti ya seva kwa barua pepe yake, na neno la siri la msimamizi akalihifadhi yeye peke yake. Siku wakikosana, au fundi akihama, mwenye biashara hana alichobaki nacho. Mnunuzi wa kiwanja mwenye busara halipi kabla ya kuitafuta hati katika ofisi ya ardhi, na jina la kikoa lastahili uangalifu uo huo. Majina yaishiayo kwa .ke husimamiwa na KeNIC, nayo huandikishwa kupitia kwa mawakala: .co.ke kwa biashara, .sc.ke kwa shule, .or.ke kwa jumuiya; na sharti ada yake ilipwe kila muda wake unapokwisha, la sivyo jina hupotea.

Fauka ya hayo, tovuti hudai matunzo. Wezi wa mtandao hupenya hasa kupitia programu-jalizi, yaani viongezo vya mfumo, zilizochakaa, kwa hivyo usiweke usiyoihitaji, na uliyonayo uihuishe kila toleo jipya litokapo. Nakala ya hifadhidata na ya picha nayo ihifadhiwe nje ya seva, maana seva ikiharibika, nakala iliyomo ndani huharibika nayo. Shule inayokusanya nambari za simu za wazazi ikumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeiwekea dhamana ya kuzilinda.

Basi, ewe mwenye duka au mwalimu mkuu, kabla hujamlipa fundi fungu la mwisho, mtake akuonyeshe kwamba kikoa kimeandikwa kwa jina lako, akukabidhi akaunti ya seva pamoja na nakala kamili ya tovuti, kisha uingie mwenyewe kama msimamizi, mbele yake, na ubadilishe neno la siri.