Kwa Nini Mtambo wa Ndege Hushikwa na Moto Kupita Kiasi

Wasomaji wetu wa Bukene, tulio kando ya reli iendayo Mwanza, huenda hawajui ya kuwa jirani yetu Tabora imo katika habari za ndege za kwanza za Afrika. Tarehe 27 Februari 1920 ndege Vickers Vimy Commercial, iliyotoka Uingereza mwezi wa Januari kwenda Cape Town, ilianguka ilipokuwa ikiondoka Tabora. Watu wote waliokoka, lakini safari ikakoma. Kabla ya hapo, katika Sudan, injini zake ziliwasumbua kwa kuvuja maji. Mwezi huohuo Vimy nyingine, Silver Queen, ilivunjika Korosko iliposhuka usiku kwa sababu ya rejeta kuvuja.

Je, maji yana kazi gani? Petroli huwaka ndani ya silinda, na chuma kingeharibika upesi kisipopozwa. Injini zile, Rolls-Royce Eagle, zilikuwa na silinda 12 kila moja, na kila silinda ilivikwa ganda la chuma chembamba ambamo maji yalipita. Maji yaliyopata moto yalikwenda kwenye rejeta, yakapozwa na upepo, yakarudi. Ganda likipasuka kwa mtikisiko, maji hupotea.

Tena Tabora iko futi 4,000 hivi juu ya bahari. Huko maji huchemka kabla ya kufika digrii 100, na hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini.

Basi fundi mwenye akili halaumu jua tu. Huuliza mambo matatu kwa taratibu. Kwanza, maji yamepungua? Yakipungua, atafute mahali yanapovuja. Pili, ikiwa maji yamejaa, je, yanazunguka? Juu ya rejeta pakiwa pa moto sana na chini pa baridi kabisa, njia imeziba kwa tope au chokaa, au bomba la kusukuma limeharibika. Tatu, maji yakizunguka vema, atazame mafuta ya kulainisha, kisha cheche, kama zinachelewa, na petroli, kama ni haba kuliko hewa.

Utaratibu huu wafaa hata kwa lori na mashine ya kusaga inayopozwa kwa maji. Lakini angalieni: msifungue kifuniko cha rejeta ingali na moto, maana mvuke utawaunguza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na angani hapana nafasi ya kujenga.