Je, Aliyepasuliwa Mara Moja Hupasuliwa Siku Zote?

Huenda msomaji akashangaa kumwona mwanafunzi wa Kidato cha Nne akiandika habari za uzazi. Lakini wengi wetu tuna mama, dada au shangazi aliyejifungua kwa kupasuliwa, na mama kama huyo akipata mimba nyingine nyumba nzima huwa na maneno. Mmoja husema hapana budi apasuliwe tena. Mwingine husema ajaribu njia ya kawaida. Wa tatu husema kupasuliwa ni uvivu wa wanawake wa siku hizi.

Likizo ya Desemba iliyopita maneno hayo yalikuwa nyumbani kwetu, juu ya dada yangu mkubwa. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa miaka minne iliyopita, naye sasa alikuwa na mimba ya miezi saba. Shemeji alitaka apasuliwe ili pasiwe na wasiwasi. Bibi alitaka ajifungulie nyumbani, akisema, "Mjukuu wangu, mimi nilizaa wanane kwenye mkeka." Dada mwenyewe alikuwa kimya. Nilimsindikiza kliniki, nikamsikiliza mkunga, na niliporudi shuleni nikamwuliza mwalimu wetu wa Biolojia na kusoma vitabu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza yafaa tujue kwamba kupasuliwa si jambo geni katika Afrika. Mwaka 1879 mganga Mwingereza, Robert Felkin, aliona waganga wa Bunyoro, katika nchi ambayo leo ni Uganda, wakimpasua mwanamke mahali paitwapo Kahura. Walimnywesha pombe ya ndizi, wakaosha mikono yao na tumbo lake, wakamtoa mtoto, kisha wakalifunga jeraha kwa vyuma vyembamba. Felkin aliandika kwamba baada ya siku kumi na moja jeraha lilikuwa limepona. Lakini kizazi chenyewe, yaani mji wa mimba, hakikushonwa. Zamani hizo hata Ulaya waganga wengi hawakukishona, mpaka mwaka 1882 Mjerumani Max Sänger alipoeleza njia nzuri ya kukishona.

Mwaka 1916 daktari Edwin Cragin wa New York alitoa kanuni iliyoenea duniani, kwamba mwanamke aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa siku zote. Watu wengi huitaja kanuni hiyo kama amri. Kumbe yeye alikuwa akiwaonya madaktari wenzake wasikimbilie kisu mara ya kwanza, kwa kuwa kovu humfuata mama katika kila mimba itakayokuja.

Je, kanuni hiyo ni kweli hata leo? Jibu limo katika kovu. Nasema kovu la kizazi, wala si kovu la ngozi. Siku za Cragin madaktari walikipasua kizazi kwa wima, katika sehemu ya juu. Sehemu hiyo ina misuli minene, nayo ndiyo inayojikaza kwa nguvu wakati wa uchungu. Kuanzia miaka ya 1920 daktari Munro Kerr wa Glasgow alihimiza chale ya kukingama katika sehemu ya chini, ambayo ni nyembamba na haijikazi sana. Tufananishe na nguo: mshono ulio mahali panapovutwa sana huachana upesi, na mshono ulio mahali palipotulia hudumu. Chale ya kukingama ndiyo inayotumika zaidi siku hizi.

Jambo hili huwadanganya watu wengi. Mama aweza kuwa na kovu la kukingama juu ya ngozi, na huku kovu la kizazi likawa la wima. Tena yaweza kuwa kinyume chake. Hakuna awezaye kujua kwa kulitazama tumbo. Hujulikana kwa karatasi iliyoandikwa na daktari siku ile ya upasuaji. Mkunga alipomwuliza dada karatasi hiyo, dada aliitoa katika bahasha pamoja na kadi ya mtoto. Iliandikwa kwamba chale ilikuwa ya kukingama, chini, na kwamba sababu ya kupasuliwa ilikuwa mtoto kutanguliza matako. Mkunga akatuambia kwamba akina mama wengi huja bila karatasi hiyo, na hapo daktari hulazimika kukisia.

Sasa tuzitazame njia zote mbili, kila moja na faida yake na hatari yake.

Njia ya kwanza ni kujaribu kuzaa kwa kawaida. Mama akifaulu hupona upesi, hupoteza damu kidogo zaidi, hurudi kazini mapema, na kizazi chake hakiongezewi kovu jingine. Katika hospitali zenye madaktari na vyombo, akina mama wenye kovu moja la kukingama wanaojaribu hufaulu kiasi cha 72 hadi 75 katika kila 100. Aliyewahi kuzaa kwa kawaida ana tumaini kubwa zaidi, 85 hadi 90 katika kila 100. Hatari yake ni kovu kuachana wakati wa uchungu. Jambo hili hutokea kwa mama mmoja hivi katika kila 200. Ni nadra, lakini likitokea ni jambo la dakika, si la saa: mama huvuja damu ndani kwa ndani na mtoto hukosa hewa. Waliobaki, yaani wale wasiofaulu, hupasuliwa katikati ya uchungu, na upasuaji wa namna hiyo una madhara zaidi kuliko ule uliopangwa mapema.

Njia ya pili ni kupasuliwa tena kwa siku iliyopangwa, kwa kawaida wiki ya 39. Faida yake ni kwamba siku hujulikana, daktari yupo, na hatari ya kovu kuachana huwa ndogo sana. Hasara yake haionekani siku hiyo, huonekana katika mimba zijazo. Kila chale huacha kovu, matumbo na kibofu huweza kushikamana na kizazi, na kondo la nyuma huweza kujipandikiza penye kovu likakataa kutoka. Hapo damu humwagika sana, na mara nyingine daktari hana budi kukitoa kizazi ili kuokoa maisha. Uchunguzi mmoja wa Marekani juu ya akina mama 30,000 hivi, uliotangazwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba kondo la namna hii lilipatikana kwa akina mama 24 katika kila 10,000 waliopasuliwa mara ya kwanza. Kwa waliopasuliwa mara ya nne walikuwa 2 katika kila 100, na kwa waliofika mara ya sita au zaidi karibu 7 katika kila 100.

Kwa hiyo swali la watoto wangapi bado wanatakiwa ni sehemu ya uamuzi huu. Mama anayetaka mtoto huyu awe wa mwisho na mama anayetaka wengine watatu hawako katika hali moja, hata kama makovu yao yanafanana.

Je, mama mwenye makovu mawili? Katika hospitali zilizojaribu, wakichagua akina mama kwa uangalifu, kiasi cha 71 katika kila 100 walifaulu. Lakini hatari ya kovu kuachana ilizidi kidogo mmoja katika kila 100, yaani zaidi ya mara mbili ya mwenye kovu moja. Ndiyo sababu katika hospitali nyingi za kwetu mwenye makovu mawili au zaidi hupangiwa kupasuliwa. Huo si ukali wa daktari, bali ni kupima hatari na vyombo alivyo navyo.

Tena wako akina mama ambao njia ya kwanza imefungwa kwao. Hao ni wenye kovu la wima la sehemu ya juu, waliowahi kuchanika kizazi, wale ambao kondo la nyuma limeziba mlango wa kizazi, na wale ambao mtoto amelala kwa kukingama. Na kama sababu ya mara ya kwanza bado ipo, kwa mfano nyonga nyembamba, tumaini la kufaulu hupungua. Lakini sababu kama ya dada, ya mtoto kukaa vibaya, huenda isirudi tena.

Habari za Marekani zatufundisha jambo jingine. Baada ya mkutano wa wataalamu wa mwaka 1980 kusema kwamba njia ya kawaida yaweza kujaribiwa, wengi waliijaribu. Kufika mwaka 1996 akina mama 28 hivi katika kila 100 wenye kovu walizaa kwa kawaida. Kisha zilisikika habari za vizazi vilivyochanika, madaktari na hospitali wakaogopa, na miaka kumi baadaye walikuwa chini ya 10 katika kila 100. Makovu ya wanawake hayakubadilika katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni hospitali ngapi zilikuwa tayari kumpasua mama mara moja hatari itokeapo.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Nyumbani tulibishana juu ya njia, apasuliwe au asipasuliwe. Mkunga hakuanza na njia. Alianza na mahali. Alimwambia dada, "Mama, wewe waweza kujaribu. Lakini utajaribu pale penye chumba cha upasuaji, daktari, dawa ya usingizi na damu, usiku na mchana. Zahanati ya kijijini kwenu haina hayo, na nyumbani hakuna hata kimoja." Mtu anayejaribu njia ya kawaida hospitalini bado ana njia ya pili mkononi. Anayejaribu nyumbani amebaki na njia moja tu, na ikizibika hana pa kupita.

Mkunga alituagiza mambo haya, nami nayaandika kwa faida ya wote:

1. Karatasi ya upasuaji itunzwe kama cheti. Asiyepewa aiombe kabla ya kutoka hospitali, na aulize chale ilikuwa ya namna gani na sababu ilikuwa nini.

2. Baada ya kujifungua, mama apumzike angalau miaka miwili kabla ya kupata mimba nyingine. Watoto wakifuatana kwa muda usiotimia miezi 18, hatari ya kovu kuachana huongezeka. Njia za uzazi wa mpango zapatikana kliniki, na baba naye aende kuzisikiliza.

3. Aanze kliniki mapema na kusema wazi kwamba ana kovu.

4. Siku zikikaribia, akae karibu na hospitali, kwa ndugu au katika nyumba ya kungojea kujifungua kama ipo. Nauli na watu wa kutoa damu watayarishwe mapema.

5. Asinywe dawa yoyote ya kuongeza uchungu, ya mitishamba wala ya dukani. Uchungu wa kulazimishwa huweza kulipasua kovu.

6. Akiona damu, au akisikia maumivu yasiyotulia kati ya uchungu na uchungu, au uchungu ukikatika ghafula, au akiona kizunguzungu, amwite mkunga papo hapo.

Dada alichagua kujaribu. Shemeji alikubali alipoelezwa kwamba daktari atakuwapo. Bibi hakukubali, lakini alifunga kanga zake akaenda naye mjini wiki mbili kabla ya siku zake.

Siku ya wazazi kututembelea, mwezi wa Machi, Mama alinipa habari. Uchungu ulimshika dada jioni. Mpaka usiku wa manane njia ilikuwa imefunguka sentimita 6, kisha ikasimama. Wakunga waliendelea kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Alfajiri mapigo yakaanza kupungua, daktari akasema, "Tumejaribu vya kutosha," na muda si muda dada alikuwa katika chumba cha upasuaji. Alijifungua mtoto wa kike, kilo 3 na nusu. Bibi alimpokea mtoto mikononi, akamtazama dada kitandani, akasema, "Wote wawili wapo. Mungu ashukuriwe." Mama ananiambia tangu siku hiyo neno la uvivu hajalitamka tena.

Huenda msomaji akasema, basi shemeji ndiye aliyekuwa na haki, angepasuliwa tangu mwanzo. Mimi sioni hivyo. Dada alikuwa na tumaini jema la kufaulu, na akina mama wengi wenye kovu kama lake hufaulu. Wala hakushindwa, kwa sababu alichokichagua hasa ni mahali ambapo njia zote mbili zilikuwa wazi. Sasa ana makovu mawili, na karatasi mbili katika bahasha. Mimba ijayo, kama ataitaka, yatakuwa maneno mengine.

Wenzangu, wengi wetu tutakuwa akina mama na akina baba. Likizo hii ukienda nyumbani na kumkuta aliyepasuliwa, usimwambie apasuliwe wala asipasuliwe, kwa kuwa wewe si daktari. Mwulize swali moja tu: "Ile karatasi iko wapi?" Kama haipo, msindikize hospitali alikopasuliwa mkaiulize, kabla siku hazijakaribia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne